Majina Nyuma ya Dhahabu Saba

Tangu Amsterdam mwaka 1928 mpaka Roma mwaka 1960, kila Olimpiki ilipofika zamu ya vitara kwa timu, nishani ya dhahabu ilichukuliwa na Hungaria. Mara saba mfululizo. Katikati ya safari hiyo ilipita Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Michezo ya 1940 na ya 1944 ikafutwa, Budapest ikabomolewa na kujengwa upya, ufalme usio na mfalme ukaondoka na serikali ya kikomunisti ikaingia. Kwenye jedwali la washindi hakuna dalili ya lolote kati ya hayo. Baada ya 1936 unafuata mwaka 1948, na jina la nchi ni lilelile.

Jedwali hilo ndilo lililonitia hamu ya kuifuata njia hii mji kwa mji. Chini ya jina la nchi yameandikwa majina ya watu, na majina hayo yana habari nyingine. Wamo wanasheria, yumo daktari, yumo mwandishi wa magazeti, wamo wanajeshi. Wengi wa waliojenga sifa ya timu hii tangu mwanzo walikuwa Wayahudi. Nchi iliwapandisha jukwaani, ikapigiwa wimbo wa taifa kwa jasho lao, kisha ikawatungia sheria za kuwatenga, na baadhi yao ikawapeleka walikofia. Sioni namna ya kuzisifu dhahabu saba bila kulisema hilo.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe kama ulivyochezwa enzi hizo. Mchezo wa upanga una silaha tatu: foili, epe na kitara. Foili na epe hutumia ncha peke yake. Kitara huchoma na hukata, na shabaha yake ni mwili wote kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na mikono na kichwa. Kwa hiyo pigo linaweza kutoka popote, na linakuja kwa kasi ambayo mtazamaji wa mara ya kwanza huishia kusikia mlio wa chuma tu na kuwaona watu wawili wakigeuka kumtazama mwamuzi.

Siku hizi mchezaji akiguswa taa inawaka. Epe ilianza kutumia umeme kwenye Olimpiki ya 1936, foili mwaka 1956. Kitara kilisubiri mpaka Barcelona mwaka 1992. Kabla ya hapo yote yalikuwa mikononi mwa watu watano: mwamuzi mkuu na wasaidizi wanne, wawili wakimkodolea macho mchezaji mmoja na wawili mwenzake. Pigo lilipotua, au lilipodhaniwa limetua, mwamuzi mkuu alisimamisha pambano, akaeleza hatua kwa hatua nani alishambulia, nani alikinga, nani alirudisha, kisha akawauliza wasaidizi mmoja mmoja. Kura ya msaidizi ilihesabiwa moja, ya mwamuzi mkuu moja na nusu. Wasaidizi wawili wakikubaliana, mkuu hana la kufanya. Wakitofautiana, neno lake ndilo hukumu. Fikiria utaratibu huo katika ukumbi uliojaa watu, na mataifa yaliyotoka kupigana vitani juzi tu. Magomvi yaliyofuata hayakuhitaji mchochezi.

Mechi ya timu ilikuwa ya watu wanne kwa wanne, na kila mmoja alikutana na kila mmoja wa upande wa pili. Hayo ni mapambano 16, kila moja la mapigo matano, na timu iliyotangulia kufikisha ushindi wa mapambano tisa ndiyo mshindi. Katika mpango huo hakuna pa kumficha mchezaji dhaifu. Bingwa mmoja hawezi kuibeba nchi. Hata akishinda mapambano yake yote manne, bado yanahitajika matano kutoka kwa wengine.

Njia inaanzia magharibi ya London, karibu na Shepherd's Bush, mwaka 1908. Uwanja wa White City ulijengwa kwa ajili ya Michezo hiyo, ukabomolewa mwaka 1985, na leo hapo pamesimama majengo yaliyojengwa kwa ajili ya BBC. Mtu anaweza kupita kila siku akielekea kazini asijue kwamba hapa ndipo Hungaria ilipotwaa dhahabu yake ya kwanza ya vitara kwa timu, mbele ya Italia na Bohemia. Timu ilikuwa na watu watano: Jenő Fuchs, Oszkár Gerde, Lajos Werkner, Dezső Földes na Péter Tóth. Wanne wa kwanza walikuwa Wayahudi. Fuchs, mwanasheria wa Budapest mwenye umri wa miaka 25, alichukua pia dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja, baada ya kulingana na Mhungaria mwenzake Béla Zulawszky na kulazimika kupambana naye tena.

Miaka minne baadaye, Stockholm, watano hao wote walikuwamo tena kikosini, wakaongezewa wenzao, wakashinda tena. Austria ilikuwa ya pili. Fuchs akarudia dhahabu yake binafsi. Földes, aliyekuwa daktari, akahamia Marekani na kuishi Cleveland, ambako alifungua zahanati ya kuwatibu maskini. Mara nyingi huwa nafikiri jinsi uamuzi huo wa 1912 ulivyomwepusha na yaliyowafika wenzake. Alifariki mwaka 1950, katika nchi aliyoichagua mwenyewe.

Nyuma ya wachezaji hawa alikuwapo mwalimu kutoka Italia, Italo Santelli, aliyehamia Budapest mwaka 1896. Alikuja na kitara chepesi na mtindo uliotegemea vidole na kiganja kuliko nguvu za bega, Wahungaria wakauchukua na kuufanya wao. Baadaye wakawapo walimu wenyeji, László Borsody akiwa mkubwa wao, aliyefundisha katika taasisi ya michezo ya jeshi. Kwa hiyo Budapest ilikuwa na shule mbili zinazoshindana kila siku, na mchezaji aliyepenya kutoka katika mashindano hayo ya nyumbani alikuwa amekwishapambana na watu wagumu kuliko wengi aliowakuta ugenini.

Vita Kuu ya Kwanza ikaiacha Hungaria upande wa walioshindwa. Haikualikwa Antwerp mwaka 1920. Waitalia wakabeba dhahabu, Nedo Nadi akiongoza. Mwaka huohuo mkataba wa Trianon uliinyang'anya Hungaria karibu theluthi mbili ya ardhi yake, na bunge la Budapest likapitisha sheria ya kuweka kikomo kwa idadi ya Wayahudi wanaoingia chuo kikuu. Wengi wa mabingwa wa London na Stockholm walikuwa bado hai, wakitembea katika mitaa hiyohiyo.

Paris, 1924. Mashindano ya upanga yalifanyika kwenye ukumbi wa Vélodrome d'Hiver, uliojengwa kwa mbio za baiskeli, si mbali na mnara wa Eiffel. Ukumbi huo haupo tena. Ulibomolewa mwaka 1959. Niliposimama mtaa wa Nélaton nilikuwa na matukio mawili kichwani, na sikuweza kuyatenganisha.

La kwanza ni la michezo. Katika foili kwa timu, Mwitalia Aldo Boni alikuwa amelingana na Mfaransa Lucien Gaudin, 4 kwa 4, na pigo la mwisho akapewa Gaudin. Boni akamtukana mwamuzi, György Kovács wa Hungaria. Kovács akadai aombwe radhi, Boni akakana kwamba alitukana. Ikatafutwa shahidi anayejua Kiitaliano, naye akapatikana Italo Santelli, Mwitalia aliyekuja na Wahungaria. Santelli akasema ukweli: matusi yalitolewa. Waitalia wakatoka ukumbini wakiimba wimbo wa mafashisti. Mussolini alikuwa madarakani kwa mwaka wa pili.

Kwenye vitara ugomvi ukaendelea. Kwa timu, Italia iliipita Hungaria kwa tofauti ndogo na kuiachia fedha. Kwa mchezaji mmoja mmoja, Wahungaria walilalamika kwamba Waitalia wanamwachia mwenzao Oreste Puliti ashinde kirahisi. Puliti akamtishia Kovács, akaondolewa mashindanoni, na wenzake wakajitoa. Sándor Pósta wa Hungaria akachukua dhahabu. Mwezi Novemba Puliti na Kovács wakakutana karibu na Nagykanizsa, mpakani, wakiwa na panga za kweli. Walipigana karibu saa nzima mpaka watu wakawatenganisha kwa hofu ya majeraha, ndipo wakapeana mikono.

Santelli naye hakuachwa. Mwandishi wa magazeti Adolfo Cotronei aliandika kwamba mzee yule alitoa ushahidi ule kwa kuogopa Waitalia wasije wakawashinda wanafunzi wake wa Hungaria. Hilo lilimuuma mzee, maana lilimgusa palepale alipokuwa ameishi kwa miaka karibu 30: kati ya nchi mbili, akipenda zote. Aliomba ruhusa ya serikali ya Italia amwite Cotronei wapigane. Mwanawe Giorgio akatumia haki ya desturi za zamani, kwamba kijana anaweza kusimama mahali pa baba yake aliyezeeka, akaenda yeye. Walikutana Abbazia, pwani ya Adriatiki, na vitara vizito vilivyonolewa. Haikuchukua muda. Giorgio alimkata Cotronei kichwani, waganga wakasimamisha. Baadaye Giorgio alikwenda New York, akafungua ukumbi wake, akawa mwalimu wa timu ya Olimpiki ya Marekani.

Tukio la pili la Vélodrome d'Hiver lilitokea miaka 18 baadaye. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Ufaransa, kwa makubaliano na Wajerumani, waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 wa Paris na viunga vyake. Familia zilizokuwa na watoto zilifungiwa humo, chini ya paa la vioo, katika joto la Julai, karibu bila maji na bila vyoo vya kutosha. Watoto peke yao walikuwa zaidi ya 4,000. Wengi wa waliokamatwa waliishia Auschwitz. Nimesoma vitabu vya historia ya upanga vinavyoueleza ukumbi huu kwa ugomvi wa 1924 na kuishia hapo. Mtu anayesimama mtaa ule hawezi kuishia hapo.

Turudi kwenye vitara. Amsterdam, 1928, Hungaria ilikuwa na kisasi cha kulipa. Timu ilikuwa na Ödön Tersztyánszky, Sándor Gombos, János Garay, József Rády, Gyula Glykais, na kijana wa miaka 23 aliyekuwa mwandishi wa magazeti, Attila Petschauer. Fainali ilikuwa dhidi ya Italia, na iliisha 9 kwa 7. Katika mashindano yale ya timu Petschauer alicheza mapambano 20 akashinda yote 20. Kwa mchezaji mmoja mmoja alipata fedha nyuma ya Tersztyánszky, mwanajeshi aliyefariki mwaka uliofuata kwa ajali barabarani. Hapo ndipo mnyororo wa dhahabu saba ulipoanza.

Los Angeles mwaka 1932 nitaipita haraka, maana Wahungaria walishinda bila taabu kubwa, György Piller akiongeza dhahabu ya binafsi. La kukumbuka ni orodha yenyewe, kwa sababu humo Petschauer alikuwa na mwenzake Myahudi, Endre Kabos, na kijana mpya wa miaka 22 aliyeitwa Aladár Gerevich. Majina matatu, njia tatu.

Kabos alizaliwa mwaka 1906 Nagyvárad, mji ambao Trianon iliukabidhi Romania na leo unaitwa Oradea. Berlin, mwaka 1936, alikuwa kwenye kilele chake. Hitler alikuwa ametawala kwa miaka mitatu na sheria za Nuremberg zilikuwa na umri usiotimia mwaka mmoja. Mbele ya umati wa Wajerumani, Myahudi huyu wa Hungaria alishinda dhahabu ya vitara ya mchezaji mmoja mmoja, na dhahabu ya timu akiwa na Gerevich, Pál Kovács, Tibor Berczelly, László Rajcsányi na Imre Rajczy. Wajerumani wenyewe walikuwa wa tatu. Alirudi Budapest akiwa shujaa. Ushujaa huo haukudumu hata miaka miwili.

Mwaka 1938 bunge la Hungaria lilipitisha sheria ya kupunguza Wayahudi kazini na katika biashara. Mwaka 1939 ikaja nyingine kali zaidi, mwaka 1941 nyingine iliyokataza ndoa kati ya Wayahudi na wasio Wayahudi. Vijana wa Kiyahudi hawakuaminiwa bunduki. Waliingizwa katika vikosi vya kazi za shokoa chini ya jeshi, wakachimba mahandaki na kutegua mabomu ya ardhini kwa mikono. Mamia ya maelfu ya Wahungaria walipelekwa upande wa mashariki pamoja na jeshi la Hitler, na vikosi hivi vikapelekwa nao mpaka ukingo wa mto Don.

Petschauer alikuwamo. Alifia mahali paitwapo Davidovka katika baridi ya mwanzoni mwa mwaka 1943, akiwa na miaka 38. Aliyesimulia habari zake baada ya vita ni Károly Kárpáti, Myahudi mwenzake aliyekuwa katika kazi hiyohiyo ya shokoa, na ambaye naye alikuwa bingwa wa Olimpiki: alishinda dhahabu ya mieleka Berlin mwaka 1936. Kwa ushuhuda wa Kárpáti, ofisa wa Hungaria aliyemfahamu Petschauer tangu Michezo ya Amsterdam aliwaamuru walinzi wamtese. Walimvua nguo, wakamlazimisha kupanda mti katikati ya barafu, wakammwagia maji. Wapo wanaosimulia kifo chake kwa namna nyingine na kusema ni maradhi yaliyommaliza. Mkurugenzi István Szabó alichota kutoka maisha haya katika filamu yake ya mwaka 1999, Sunshine, na wengi duniani walimjua Petschauer kupitia mhusika yule kabla ya kulisikia jina lake. Mimi huwa narudi kwenye hesabu ile ya Amsterdam, 20 kwa 20, na kujiuliza ofisa anayemkumbuka mtu kutoka mahali pale alikuwa anakumbuka nini.

Machi 1944 Wajerumani waliikalia Hungaria. Kuanzia katikati ya Mei mpaka mapema Julai, kwa msaada wa askari na watumishi wa serikali ya Hungaria, Wayahudi zaidi ya 430,000 waliondolewa mikoani kwa treni, wengi wao kwenda Auschwitz. Oszkár Gerde, bingwa wa London na Stockholm, alipelekwa Mauthausen huko Austria, kwenye kambi ya machimbo ya mawe, akafia huko mwaka 1944 akiwa na miaka 61. János Garay, aliyeshinda na timu Amsterdam, alifia kambi hiyohiyo mwaka 1945. Wawili hawa hawakuwahi kucheza pamoja katika Olimpiki. Gerde alikuwa wa kizazi cha kwanza, Garay cha pili.

Na Kabos? Budapest kuna daraja la Margit, linalokunja kona katikati ya mto Danube pale linapogusa ncha ya kisiwa cha Margit. Tramu za njano za njia ya 4 na ya 6 hulivuka mchana kutwa. Ukishuka katikati na kuingia kisiwani, hatua chache mbele kuna bwawa la kuogelea la kitaifa, lililobuniwa na Alfréd Hajós, bingwa wa kwanza wa Olimpiki wa Hungaria, muogeleaji wa Athens mwaka 1896, Myahudi pia. Nilikaa kwenye ukingo wa daraja kwa muda mrefu, nikitazama tramu zinavyopunguza mwendo penye kona ile.

Mchana wa tarehe 4 Novemba 1944, askari wa Kijerumani walikuwa wanatega baruti chini ya daraja hili ili walilipue Wasovieti watakapokaribia. Baruti ikalipuka kabla ya wakati wake. Daraja lilikuwa na watu, magari na tramu, na upande mmoja ukaporomoka mtoni. Walikufa mamia. Endre Kabos, mshindi wa dhahabu mbili za Berlin, alikuwa mmoja wao. Alikuwa amebakiza siku moja kutimiza miaka 38.

Sasa weka orodha mbili kando kwa kando. Berlin, 1936: Kabos, Gerevich, Kovács, Berczelly, Rajcsányi, Rajczy. London, 1948: Gerevich, Kovács, Berczelly, Rajcsányi, na wapya wawili, Rudolf Kárpáti na Bertalan Papp. Miaka 12 imepita na wanne kati ya sita wamerudi, jambo la ajabu katika mchezo wowote. Wakashinda tena, Italia ya pili, Marekani ya tatu, na Gerevich akachukua dhahabu ya binafsi akiwa na miaka 38. Wakashinda tena Helsinki mwaka 1952, Wahungaria watatu wakifagia nishani zote za mchezaji mmoja mmoja: Kovács, Gerevich, Berczelly. Wapenzi wa mpira wa miguu wataikumbuka Helsinki kwa sababu ya Puskás na wenzake. Katika nchi ya watu wasiofika milioni kumi, majira yaleyale yaliwazaa wote.

Ninaposifu uhodari wa Gerevich na Kovács sipunguzi neno. Lakini walioendeleza mnyororo baada ya vita walikuwa watu ambao sheria za 1938 na 1939 hazikuwalenga. Kabos angekuwa na miaka 41 London. Gerevich alishinda Roma akiwa na miaka 50.

Njia inakwenda kusini kabisa, Melbourne, mwaka 1956. Michezo hiyo ndiyo ya kwanza kwa Kenya na Uganda kushiriki, na kwa Wahungaria ilikuwa ya uchungu kuliko yote. Tarehe 23 Oktoba wananchi wa Budapest waliinuka dhidi ya serikali. Wengi wa wanamichezo waliiacha nchi wakidhani mapinduzi yamefaulu. Tarehe 4 Novemba, miaka 12 kamili baada ya mlipuko wa daraja la Margit, vifaru vya Kisovieti viliingia mjini. Habari ziliwafikia wakiwa ugenini, mbali na wake zao na wazazi wao.

Dunia inaukumbuka zaidi mchezo wa polo ya majini wa tarehe 6 Desemba, Hungaria na Wasovieti, uliovunjika mchezaji mmoja wa Hungaria akitokwa na damu usoni. Vitara vilichezwa kwa utulivu zaidi, katika ukumbi wa manispaa ya St Kilda. Timu ilikuwa na Gerevich, Kovács na Kárpáti, pamoja na vijana watatu: Jenő Hámori, Attila Keresztes na Dániel Magay. Mwisho wa mashindano nchi tatu zilipanda jukwaani. Juu ilisimama Hungaria. Ya pili ilikuwa Poland, ambayo Juni mwaka ule wafanyakazi wake walipigwa risasi mjini Poznań. Ya tatu ilikuwa Muungano wa Kisovieti. Sijui kama kuna jukwaa la Olimpiki lililowahi kubeba mwaka mzima wa siasa kwa namna ile.

Hámori, Keresztes na Magay hawakurudi nyumbani. Walikwenda Marekani, kama walivyofanya makumi ya Wahungaria wengine wa msafara ule. Piller, bingwa wa 1932 ambaye sasa alikuwa mwalimu wa timu, hakurudi pia. Alifundisha California mpaka alipofariki mwaka 1960. Kwa mara ya pili katika miaka 20 Hungaria ilipoteza nusu ya hazina yake ya vitara, safari hii bila kumuua mtu.

Ndiyo maana Roma, mwaka 1960, naiona kuwa dhahabu ngumu kuliko zote saba. Waliobaki wa zamani walikuwa watatu. Kárpáti, mtu wa muziki na jeshi, alikuwa na miaka 40 na alishinda dhahabu ya binafsi kwa mara ya pili mfululizo. Kovács alikuwa na miaka 48. Gerevich, 50. Inasimuliwa kwamba wakuu wa mchezo walimwambia Gerevich umri umemtupa mkono, naye akawaita wateule wote wapambane naye mmoja baada ya mwingine, akawashinda. Wakaongezewa Zoltán Horváth, Gábor Delneky na Tamás Mendelényi, wakaishinda Poland 9 kwa 7. Siku zilezile Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Roma bila viatu, na dunia ikawa na habari kubwa zaidi ya kuzungumza.

Gerevich aliondoka na dhahabu sita za timu zilizochukua miaka 28, kutoka Los Angeles mpaka Roma. Mkewe, Erna Bogen, alikuwa na shaba ya foili ya 1932. Mkwewe, Albert Bogen, alikuwa katika timu ya vitara ya Austria iliyopata fedha Stockholm mwaka 1912, ikiwa nyuma ya Hungaria ya Fuchs na Gerde. Mwanawe Pál alipata shaba za timu mwaka 1972 na 1980. Familia moja inaishika njia hii karibu yote.

Mnyororo ulikatika Tokyo mwaka 1964, katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Waseda. Tibor Pézsa aliipa Hungaria dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja, lakini kwa timu haikupata hata shaba. Dhahabu ilikwenda kwa Wasovieti, fedha Italia, shaba Poland. Katika ukumbi huohuo wachezaji wawili waliokuwa na dhahabu ya Hungaria ya mwaka 1956 walikuwa wanashindania nchi nyingine: Jenő Hámori na Attila Keresztes, katika timu ya vitara ya Marekani.